Diski ya Kasomeno

Yaya Héritier, binamu yangu mkubwa, alirudi kutoka Kolwezi mwezi uliopita, baada ya miaka minne bila kukanyaga hapa Bel-Air, na kitu cha kwanza alichokiangalia si mama yake wala mimi. Aliangalia chini ya tele. "Eh! Bado munaweka hii kintu?" Akajipiga paja, akacheka kicheko chake kile kile kinachoanzia puani. Pleyi ile nyeusi, mashine ya michezo ya tele, iko palepale alipoiacha, imefunikwa na kitambaa cha kushona kwa mkono, na juu yake Tantine Béa, mama yake Héritier, ameweka maua ya plastiki, kama vile wanavyofunika mtu aliyelala mchana. Hakuna anayeicheza tena. Yaya Héritier aliinua kitambaa kwa kidole kimoja, akapuliza vumbi, akaniuliza bila kugeuka: "Na ile diski ya kambo, iko wapi?" Nilimwambia diski ya babu yetu iko ndani ya kabati, ndani ya mfuko wake. Hakucheka mara ya pili. Tantine alikuwa jikoni anasonga bukari, mwiko unagonga sufuria, na mimi nilisimama mlangoni nikiwa na miaka kumi na tisa, tayari kwa mtihani wa mwisho wa sekondari, lakini mbele yake nilikuwa tena wa miaka kumi na tano.

Kwa nini nililetwa kukaa kwa tantine, hiyo ni habari nyingine, sitaigusa. Inatosha kujua kwamba mwaka ule nililala chumba cha nyuma pamoja na magunia ya unga, na kwamba salon ya mbele haikuwa salon tena. Yaya Héritier alikuwa ameifanya nyumba ya mchezo. Viti vya heshima vilisukumwa ukutani, mabenchi mawili yakaingia, na kila siku baada ya masomo wavulana wa avenue yetu walijaa humo mpaka ukuta ukatoa jasho. Wengine walikuwa wanavua viatu, wengine hapana, na harufu ya miguu ilichanganyika na harufu ya sombe, majani ya muhogo, iliyotoka jikoni. Walicheza mpira wa tele, wawili wawili. Sheria ilikuwa ya Héritier: ukifungwa, unatoka, unaacha maneti, kile kidude cha kuchezea, kwa mwenzako. Maneti zilikuwa mbili, na moja kitufe chake cha kupiga shuti kilikuwa kimetoka, kimebaki kitundu, unabonyeza kwa kucha. Mimi niliruhusiwa kuleta maji na kufungua dirisha. Nilikuwa nakaa kwenye kizingiti cha jikoni nikichambua lenga-lenga, jicho moja kwenye majani, jicho moja kwenye tele. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu mwaka ule, na nakisema bila haya kwa sababu nilipokuwa na haya nilinyamaza sana: nilitaka nishike maneti, niketi kwenye benchi ya mbele, na mtu aniambie, "Cheza."

Shida ni kwamba pleyi ile ilikuwa ya zamani, na mchezo wake wa zamani zaidi. Wachezaji waliokuwa wamestaafu, wamekuwa na vitambi, bado walikuwa wanakimbia humo kama vijana. Avenue ya chini kulikuwa na nyumba iliyopata pleyi mpya, na wavulana walianza kwenda kule mmoja mmoja. Basi Héritier akaanza kuahidi. Kwamba diski mpya iko njiani, ya mwaka huu, timu zote za mwaka huu, hata timu za kwetu, sura za kweli, jezi za kweli. Alikuwa anasema hivyo kila jioni. Siku moja Djo, mvulana mwenye mdomo kuliko wote, akamwambia: "Héri, weye uko pasta? Kila siku 'Yesu anakuya, anakuya', na haonekani." Wakacheka mpaka benchi ikalia. Héritier alisimama katikati ya salon akapiga kifua: "Bon. Musikie. Muntu yeyote ataleta diski mupya hapa, njo atacheza wa kwanza. Hata kama ni mutoto. Hata kama ni mwanamuke." Aliposema neno la mwisho alinionyesha kwa kidevu, wakacheka tena. Hakujua kwamba kwenye kiti cha kona, nyuma ya mlango, Kambo alikuwa amekaa na sahani yake ya bukari juu ya mapaja, anasikia kila kitu.

Kambo alikuwa baba ya Tantine Béa. Aliishi Kasungami kwenye shamba lake la mahindi, na mara kwa mara alipanda magari kwenda upande wa Kasenga kununua samaki ya kukausha. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili. Kwetu, kambo na mjukuu wanataniana, ni haki yao, na yeye alikuwa ananiita bibi yangu mbele ya watu wote. "Bibi yangu, nimekuoa bila kusikia sauti yako. Siku moja nitagundua balinipa bubu." Nilikuwa naficha uso. Alikuwa anafurahi nikificha uso. Lakini alipokula nyumbani kwetu, kichwa cha samaki alikiacha pembeni ya sahani, akanisukumia bila kuniangalia, na hakuna mjukuu mwingine aliyekipata.

Mvua za kwanza zilipoanza, alirudi kutoka Kasomeno, njia ya Kasenga, na furushi la samaki begani. Salon ilikuwa imejaa. Akapita katikati yao, maji ya samaki yakiwadondokea vichwani, wakapiga kelele, yeye hakujali. Alikuja mpaka kizingiti changu, akatoa ndani ya koti mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mafundo, akauweka juu ya lenga-lenga zangu. "Bibi yangu, mahari yako. Balisema mwenye kuleta atacheza wa kwanza. Cheza sasa." Ndani kulikuwa na diski. Karatasi yake ilionyesha wachezaji wa mwaka ule ule, rangi zinang'aa, na maneno makubwa kwamba ni mpya. Nyumba ikapiga yowe. Hata Djo aliniamkia. Na mimi nikaketi kwenye benchi ya mbele, mikono imelowa jasho, nikapewa maneti yenye kitundu, na Héritier mwenyewe akachukua ile nyingine ili anifunge haraka, aniondoe.

Mchezo ulipofunguka, tulielewa wote, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Ulikuwa ni ule ule wa zamani. Uwanja ule ule, nyasi zile zile, sura zile zile za watu waliostaafu, ila wamebandikwa majina mapya, mengine yameandikwa kwa makosa, mengine ni herufi tatu tu. Timu za kwetu hazikuwemo. Mtangazaji alikuwa anasema lugha ambayo hakuna aliyeijua. "Tucheze tu," Héritier akasema kwa meno. Tukacheza. Nilikuwa nimeangalia mchezo ule kutoka kizingitini kwa miezi, nilijua Héritier anapenda kupita wapi, na nilimngojea pale. Kabla ya mapumziko nilimfunga. Nyuma yangu walilia kama watu wa stade. Nilisikia Kambo akipiga fimbo chini: "Njo bibi yangu huyu! Bubu inapiga goli!" Nilikuwa ninashinda. Dakika zilikuwa zinaelekea tisini, Héritier anatoka jasho, na hapo, ghafla, picha ikasimama. Wachezaji wote wakaganda hewani, mmoja mguu juu, kipa amefungua mikono. Lakini sauti haikukatika. Watu wa uwanjani waliendelea kushangilia, shaaaa, shaaaa, bila kupumua, bila kuisha.

Kambo alikuwa wa kwanza kusema. Aliinama mbele, akaangalia tele vizuri, akauliza kwa upole: "Banapumuzika?" Nyumba ilianguka. Djo alijitupa chini, akagaagaa. "Banapumuzika! Mama weee, kambo anasema banapumuzika!" Héritier hakucheka. Alivuta waya ukutani, kelele ikakatika, akamgeukia babu yake: "Kambo, balikuuzisha maiti yenye sauti." Mzee alijibu papo hapo, maana huo ndio utani: "Basi ni ndugu yangu. Mi nikikufa, nitaendelea kukutukana tu." Walijaribu tena siku ile, na kesho yake. Kila mara, karibu na mwisho, inaganda, na watu wanashangilia. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba mimi nilikuwa nimeshinda. Héritier alisema: "Diski ya bubeji, ya uongo, goli ya bubeji. Match haikuisha, hakuna mushindi." Akanichukulia maneti mkononi. Nikarudi kwenye majani yangu.

Kama ingekuwa hiyo tu, ningesahau. Lakini mimi ni mtu anayekwama. Darasani mwalimu wa jiografia alinisimamisha nitaje mito ya Katanga. Nilisema Lualaba, nilisema Lufira, na mto wa tatu ukakataa kutoka, ingawa nilikuwa nauona. Nilibaki mdomo wazi, kidole juu. Na kutoka nyuma, pale Djo alipokaa, nikasikia polepole: shaaaa. Mwingine akadaka. Shaaaa, shaaaa. Darasa zima likawa uwanja. Mwalimu aliuliza ni nini, wakamweleza, naye akajaribu kuuma midomo, ikashindikana, akacheka. Tangu siku ile niliitwa Bloquée, yaani Aliyekwama. Nilipoitwa na mwuza mkate nikachelewa kujibu: shaaaa. Nilipopita kwenye bomba na ndoo: shaaaa. Aliyewafundisha kupumua vizuri ili isikatike alikuwa Héritier, nilimsikia kupitia ukuta, anawapanga kama kwaya. Leo ninaweza kuandika kwamba alikuwa na hasira kwa sababu salon ilikuwa inamwishia, wavulana wanahamia avenue ya chini, na alihitaji kitu cha kuwachekesha ili wabaki. Wakati ule sikuwa na maelezo. Nilikuwa na masikio tu.

Katikati ya mvua, Jumapili moja, Kambo alikuja na mahindi mabichi. Tulikula salon, maana mabenchi yalikuwa matupu. Walibaki Djo na wengine wawili ambao hawakuwa na pa kwenda. Héritier alikuwa anatafuna bila ladha. Akasema, na alisema kwa sauti ya utani, nakubali: "Kambo, kama weye iko mwanaume, rudisha ile kintu kwa mwenyewe, Kasomeno. Akupe ya muzuri. Bibi yako anakufa na haya juu yako, kule masomo banamuita Bloquée." Kambo aliacha kula. Hakuwa anajua. Alinigeukia, na uso wake haukuwa wa utani hata kidogo: "Njo vile, bibi yangu?" Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema hapana, Kambo, usiende, mvua ni nyingi, diski si kitu. Na nilisema. Nilisema hapana. Lakini Héritier alikuwa ameinua mkono kama kiongozi wa kwaya, na wale watatu wakaanza, shaaaa, shaaaa, na hapana yangu ilibaki chini ya kelele kama sindano chini ya godoro. Tantine alitoka jikoni: "Munyamaze, mutoboe masikio ya baba yangu?" Naye akatabasamu kidogo. Mzee alinawa mikono. Akasema: "Mwanaume haambiwe mara mbili na mutoto mwenye kunuka maziwa." Akachukua diski, akaifunga ndani ya mfuko wake kwa mafundo yale yale, akaenda.

Barabara ya Kasomeno mwezi ule ni tope, na malori yanalala njiani. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa, meno yanagongana. Alisema pale alipokuwa muuzaji sasa mtu anauza sabuni. Alitoa mfuko kifuani. Yeye alikuwa maji matupu, lakini diski ilikuwa kavu. "Bibi yangu, nimekurudishia mahari, balikataa," akajaribu kucheka, kikohozi kikala kicheko. Walimlaza salon kwa sababu ndiyo ilikuwa haivuji, kwenye godoro chini ya tele. Héritier alilalamika kwamba mgonjwa anafunga kazi yake, nilimsikia akimwambia mama yake jikoni, naye mama yake akamjibu: "Vumilia, hatakawia." Hawakumpeleka hospitali mpaka midomo ilipobadilika rangi, na kule alikaa siku chache. Daktari alisema mapafu. Tantine aliwaambia watu wa kilio: mapafu, ni ile kazi yake ya zamani ya mgodi. Kila aliyefika aliambiwa mgodi. Kasomeno haikutajwa.

Mahali pengine sijui wanafanya nini, lakini kwetu kambo akifa, wajukuu ndio wenye kilio. Wana ruhusa ya kila kitu. Wanajipaka unga usoni, wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama yeye, wanasema alikuwa mchoyo, alikuwa anakoroma, alikuwa anatoa upepo kanisani, wanafunga geti ili jeneza lisitoke mpaka wapewe kinywaji. Na hakuna mwenye haki ya kukasirika. Ukikasirika umejionyesha. Asubuhi ya mazishi, chini ya hema, Héritier alivaa koti la Kambo na kofia yake, akaokota fimbo, akatokea nyuma ya nyumba amebeba furushi la majani begani. Alikuwa anajua kuiga, hilo siwezi kumnyima. Ule mguu wa kushoto unaoburuta, ile sauti ya kukwaruza. "Ninatoka Kasomeno! Nimeleta samaki, nimeleta diski!" Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka katikati ya machozi. Akafika katikati ya uwanja, akainua mguu mmoja, akafungua mikono, akaganda. Na wajukuu wote, na watoto wa avenue nzima nyuma yao: shaaaa, shaaaa. Tantine Béa, mfiwa mwenyewe, alicheka mpaka akashika ubavu. Héritier aliigiza safari ya kwanza. Ya pili hakuigusa.

Halafu mtu akasema: "Na mujane? Mujane iko wapi?" Walinitoa nyuma ya sufuria. Bibi ya kweli ya Kambo alikuwa amekufa zamani, na kila mtu alijua nani alikuwa anaitwa bibi yangu. Walinifunga kitenge kichwani, wakanipaka unga, wakaniketisha mkekani mbele ya hema lote, na Héritier akasimama juu yangu na kofia ile. Wajukuu wakaniuliza kwa pamoja kama inavyoulizwa: "Mujane! Bwana yako alienda wapi?" Nilifungua mdomo, nikakwama. Niliona wanaanza kuvuta pumzi. Shaaaa. Ilikuja kutoka pande zote, watu wazima pia, hata wale wasiojua maana yake. Nilimwangalia Héritier, nikaona kwamba yeye peke yake hapumui. Alikuwa ananiangalia mdomoni. Akajua nina nini humo. Na sauti ikanitoka, kubwa, ambayo sikuwahi kuisikia: "Bwana yangu alienda Kasomeno kurudisha diski! Héritier njo alimutuma! Mvua ikamunyeshea, akakufa!"

Kisha hema lilipasuka. Sijawahi kuona watu wakicheka vile. Mwanaume mmoja alianguka na kiti chake. Wakina mama walipiga vigelegele, wakanitupia unga mwingine, mmoja akanibusu kipaji: "Muzukulu wa kweli huyu! Kumbe iko na mudomo!" Tantine alifuta macho akasema, "Kambo wako anacheka kule aliko." Djo alikuwa analia kwa kicheko. Niliangalia huku na huku nikitafuta uso mmoja uliosikia, na uliokuwepo ulikuwa chini ya kofia ya marehemu. Héritier alikuwa amefungua meno kama wengine. Lakini hakukuwa na sauti.

Tulimzika kabla mvua haijaanza. Na jina la Bloquée lilikufa siku ile ile. Wakaanza kuniita Mujane, kwa mapenzi, kama mtu wa kwao. Kilio kilipoisha, mabenchi yakarudishwa salon, wavulana kadhaa wakarudi, na Djo mwenyewe akasogea akanipa nafasi benchi ya mbele. "Mujane, cheza." Nilicheza. Niliwafunga wote. Nimejiuliza tangu hapo kama nilifurahi, na jibu ni ndiyo, nilifurahi, na godoro la Kambo lilikuwa bado limesimamishwa ukutani, halijakauka. Héritier hakucheza na mimi hata mara moja. Kabla ya mwaka kwisha alisema anatafuta kazi Kolwezi.

Mwezi uliopita, basi, aliponiuliza diski iko wapi, niliuleta ule mfuko wa mafundo. Alifungua kwa meno. Tukaondoa maua ya plastiki. Aliketi kwenye kiti cha heshima, miguu yenye viatu vipya imekunjwa chini yake, akanipa maneti nzuri, akachukua ya kitundu. Nilimngojea pale anapopenda kupita, na bado anapita hapo. Nilimfunga moja, nikamfunga ya pili. Dakika zikaelekea tisini. Picha ikasimama, mchezaji wake mguu juu, na kelele ikaanza, shaaaa, shaaaa, nzuri, ya zamani, haikuchakaa hata kidogo.

Aliinama kushika waya. Nikamwambia: "Acha."

"Nadège."

"Acha kwanza."

Akarudisha mkono kwenye goti. Akasema bila kuniangalia: "Ilikuwa utani. Ile siku ya mahindi. Kambo mwenyewe alijua iko utani."

"Alijua."

"Na kwenye kilio bote balicheka."

"Bote, ndiyo."

"Basi zima hii kintu."

"Zima weye."

Hakuzima. Alikaa na maneti mkononi, kidole ndani ya kitundu, anaangalia wale watu wasiotembea. Kelele ilijaza salon, ikatoka mpaka jikoni, na Tantine Béa, ambaye masikio yake sasa ni ya kuzeeka, alisikia uwanja unashangilia akafurahi kwamba watoto wake wanacheza tena. Aliita kwa sauti juu ya sufuria: "Héri! Nani amefunga?"

Héritier aliangalia waya, hakuugusa.

"Héritier! Ninauliza, nani amefunga?"